Somo la Redio kwa Watu Wazima: Nyota Zinazoonyesha Njia

(Maneno ya somo kama yalivyosemwa redioni. Yasomwe kwa sauti darasani, kisha wanafunzi wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

  

Juma lililopita tulisoma habari za jua na kivuli. Tuliona jinsi kijiti kilichosimikwa ardhini kinavyoweza kutuonyesha mashariki na magharibi wakati wa mchana. Leo tutatoka nje usiku. Usiku kijiti hakina kivuli, lakini mbingu zina taa zake, na taa hizo hazidai mafuta wala umeme. Mtu anayezijua hapotei upesi.

Kwanza nataka uwaze jambo hili. Wewe ni mvuvi wa Kilwa. Ni mwezi wa Februari, bahari imetulia, na jioni umetoka na mashua yenye mashine. Mko watatu: wewe, ndugu yako mdogo, na kijana wa jirani ambaye hii ndiyo safari yake ya kwanza. Saa sita za usiku mashine inakufa. Mnaivuta kamba, haiwaki. Mkondo umekwisha kuwachukua mbali, na taa za pwani hamzioni tena. Simu imelowa maji ya chumvi, imezimika. Mna tanga dogo na makasia mawili. Kijana anakutazama, anakuuliza, "Mjomba, nyumbani ni upande gani?"

Kila upande ni maji na giza. Ukielekea magharibi utaikuta pwani. Ukielekea mashariki, mbele yako ni Bahari ya Hindi yote, na maji ya kunywa mliyo nayo ni debe moja. Utamjibu nini kijana huyo?

Weka swali hilo moyoni. Mwisho wa somo tutarudi katika mashua ile.

Kipimo chako ni mkono wako

Kabla ya kutazama nyota, tujifunze kupima mbingu. Nyosha mkono mbele yako, ukunje ngumi, ufumbe jicho moja. Ngumi yako inafunika sehemu ya mbingu iliyo kiasi cha digrii 10. Kutoka upeo wa macho, yaani pale ambapo mbingu na dunia huonekana kukutana, mpaka juu ya utosi wako ni digrii 90. Hizo ni ngumi tisa.

Jaribu sasa hivi pale ulipoketi. Anza usawa wa macho, weka ngumi moja juu ya nyingine, uhesabu. Karibu na ngumi ya tisa utakuwa umefika utosini. Mtu mzima ana ngumi kubwa lakini ana mkono mrefu. Mtoto ana ngumi ndogo na mkono wake ni mfupi. Kwa hiyo kipimo hiki chafaa watu wote.

Sasa kumbuka jambo la pili. Nyota hazikai mahali pamoja usiku kucha. Dunia yetu huzunguka kama pia, na kwa sababu hiyo nyota huonekana zikitoka upande wa mashariki, zikapanda, zikatua upande wa magharibi, kama jua lifanyavyo. Nyota zinazopita juu ya vichwa vyetu husogea kiasi cha ngumi moja na nusu kwa saa moja. Basi ukiona nyota iko ngumi tatu juu ya upeo wa magharibi, waweza kusema, "Itatua baada ya saa mbili." Hapo umepata saa isiyohitaji betri.

Jambo la tatu: kila nyota huchomoza mapema kuliko jana yake kwa dakika 4 hivi. Dakika 4 ni kidogo. Lakini zidisha kwa siku 30, utapata dakika 120, yaani saa mbili kwa mwezi. Ndiyo maana nyota za jioni za Februari si nyota za jioni za Julai. Dunia inalizunguka jua, na kila mwezi usiku wetu hutazama upande mwingine wa mbingu. Baada ya mwaka mmoja, nyota zilezile hurudi mahali palepale kwa saa ileile.

Nyota tatu za mkanda

Haya, sasa tutoke nje. Chagua mahali penye giza, mbali na taa za barabarani. Usitazame taa wala simu kwa dakika kumi nzima, ili macho yako yazoee giza.

Ikiwa ni katikati ya Februari, saa mbili za usiku, tazama juu kabisa, karibu na utosi. Utaona nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja, zimekaribiana, na nafasi kati yao ni sawasawa. Hakuna kundi jingine angani linalofanana nalo. Hata mtoto wa miaka mitano akionyeshwa mara moja hazisahau.

Kuzizunguka nyota hizo tatu kuna nyota nyingine nne zilizokaa kama pembe za kitanda. Zote pamoja Waarabu wa kale walizifananisha na mtu mkubwa mwenye nguvu, wakamwita Jabari. Vitabu vya Kizungu humwita Orion. Nyota tatu ni mkanda wake wa kiunoni.

Zitazame pembe mbili za kitanda hicho. Upande wa kaskazini wa mkanda kuna nyota nyekundunyekundu. Jina lake ni Betelgeuse. Upande wa kusini kuna nyota nyeupe yenye weupe wa kibuluu. Jina lake ni Rigel, nalo limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Kwa nini rangi zao si moja? Mwulize mhunzi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu. Moto ukizidi huwa cheupe. Nyota nazo ni hivyohivyo. Rigel ina joto la digrii kama 12,000 kwa nje. Jua letu lina digrii kama 5,500. Betelgeuse ina digrii zipatazo 3,300 tu. Lakini Betelgeuse ni pana mno. Kama ingewekwa mahali pa jua letu, ingeimeza dunia, na sayari ya Mirihi pia. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwanzoni mwa mwaka 2020 ilififia hata watu wa kawaida wakaona. Wataalamu waligundua kwamba ilikuwa imejitoa vumbi lake lenyewe, na vumbi hilo likakinga nuru.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo jambo kubwa la leo. Mkanda wa Jabari uko karibu kabisa na mstari unaogawa mbingu sehemu mbili, ya kaskazini na ya kusini, kama ikweta inavyoigawa dunia. Kwa hiyo, popote ulipo, uwe Lamu, Tabora au Songea, mkanda ule huchomoza mashariki hasa, na hutua magharibi hasa. Jua lenyewe halina uaminifu huo. Mwezi wa Juni hutua kaskazini kidogo ya magharibi, na mwezi wa Desemba kusini kidogo. Mkanda wa Jabari haubadili mlango wake mwaka mzima.

Lakini ukiwa juu ya utosi hauwezi kukuonyesha upande wowote. Ungoje uteremke. Katikati ya Februari, saa tano za usiku uko nusu ya njia kuelekea magharibi. Saa sita umebakiza ngumi tatu. Saa nane unatua.

Shira na Suheli

Mkanda hukuonyesha nyota nyingine pia. Fuata mstari wa zile nyota tatu kuelekea upande wa kusini-mashariki. Utaifikia nyota nyeupe inayometameta kwa nguvu kuliko zote. Hiyo ni Shira, au Sirius. Jina la Shira limetajwa katika Kurani, katika Sura ya An-Najm, ambayo maana yake ni Nyota. Katika nyota zote za usiku, hii ndiyo inayong'aa kuliko nyingine zote.

Shira ni jirani yetu. Hata hivyo, nuru, inayokwenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, huchukua zaidi ya miaka 8 na nusu kutoka huko mpaka kwetu. Mtazame mtoto wako wa darasa la pili. Nuru ya Shira unayoiona leo ilianza safari yake kabla mtoto huyo hajazaliwa.

Sasa geukia kusini. Karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho mpaka utosini utaona nyota kubwa iliyo peke yake, nyeupe, iliyotulia kuliko Shira. Hiyo ni Suheli. Vitabu vya Kizungu huiita Canopus. Ni ya pili kwa kung'aa katika mbingu zote. Nuru yake huchukua kiasi cha miaka 310 kutufikia. Nuru unayoiona usiku huu iliondoka huko karibu na zama zile Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698.

Suheli ni nyota ya wenyewe mabaharia. Katika Kiswahili cha zamani neno suheli lilikuwa na maana mbili: nyota hii, na upande wa kusini. Majahazi yalipokuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, manahodha walikuwa na nyota mbili za kuangalia. Mbele yao Suheli ilipanda juu zaidi kila walipozidi kuja kusini. Nyuma yao kulikuwa na nyota ya Jaha, ile inayokaa kaskazini daima bila kuhama, nayo ilizidi kushuka.

Walikuwa na chombo cha kupimia Jaha kilichoitwa kamali. Kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Nahodha aliuma fundo kwa meno, akanyosha uzi, akalinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa bahari na ukingo wa juu na nyota. Hivyo alijua amefika usawa wa bandari gani. Walihesabu kwa vidole kama wewe ulivyohesabu kwa ngumi. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 kutoka upande wa Omani na Ghuba, aliandika elimu hii katika vitabu vyake, na vingine vimesalia mpaka leo.

Sisi tulio kusini ya ikweta hatuioni Jaha. Iko chini ya upeo wa macho. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nyota ya kaskazini iko pale," nawe uko Zanzibar au Dodoma, mwambie kwa adabu kwamba amekosea.

Lakini nawe usikosee juu ya Suheli. Huchomoza kusini-mashariki na hutua kusini-magharibi. Husimama kusini hasa wakati inapofika juu kabisa katika njia yake. Katikati ya Februari wakati huo ni kama saa tatu za usiku. Ukiifuata usiku kucha kama kwamba haihami, utapinda bila kujua.

Msalaba wa Kusini

Nyota nyingine za kutuonyesha kusini ni zile za Msalaba wa Kusini. Ni nyota nne, na zinaonekana kama kishada cha tiara. Msalaba huu ni mdogo: ukiunyoshea mkono, ngumi yako itaufunika wote. Karibu naye, upande wa mashariki, kuna nyota mbili kubwa zinazouelekea. Tuziite viongozi. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba huitwa Alfa Kentauri. Hiyo ni ya tatu kwa kung'aa usiku, nayo pamoja na wenzake walio karibu nayo ndio jirani zetu wa kwanza baada ya jua. Nuru yake huchukua miaka 4 na miezi michache tu.

Mwezi wa Februari Msalaba hauonekani mapema jioni. Saa tano za usiku utauona umelala ubavu, upande wa kusini-mashariki. Saa tisa za usiku husimama wima. Katikati ya Mei husimama wima saa tatu za usiku.

Msalaba ukiwa wima, teremka moja kwa moja kutoka mguuni mwake mpaka kwenye upeo wa macho. Hapo ndipo kusini. Ukiwa umelala, fanya hivi: pima urefu wake kutoka kichwani mpaka mguuni. Endelea mbele kutoka mguuni kwa urefu huo mara nne na nusu. Pale ulipofika, teremka mpaka upeo wa macho. Hapo ndipo kusini.

Tahadhari sasa. Kuna msalaba mwingine karibu na Suheli, mkubwa kidogo na hafifu kidogo, nao huchomoza kabla ya ule wa kweli. Wengi wameudhania kuwa ndio wenyewe. Huu huitwa Msalaba wa Uongo. Utautambuaje? Hauna viongozi wawili. Kila uonapo msalaba angani, uliza kwanza: viongozi wake wako wapi? Ukikosa kuwaona, ngoja. Usigeuze chombo chako kwa kukisia.

Kilimia

Turudi kwenye mkanda wa Jabari. Fuata mstari wa nyota tatu, lakini mara hii nenda upande wa pili, kuelekea kaskazini-magharibi. Utapita nyota nyekundunyekundu iitwayo Aldebaran. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake ni mfuasi. Anamfuata nani? Endelea mbele kidogo, utakuta kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga chini ya mama yao. Hicho ndicho Kilimia.

Watu wengi huhesabu nyota sita. Ukitazama kwa darubini utaona nyingi zaidi, na wataalamu wamehesabu zaidi ya 1,000 katika kundi hilo.

Wazee wetu walikiita Kilimia kwa sababu ya kulima. Mwezi wa Novemba, jua likitua magharibi, Kilimia huchomoza mashariki. Katika nchi zenye vuli, mkulima akikiona pale jioni alijua majira yamefika, jembe liwe tayari. Mwishoni mwa Aprili Kilimia huzama pamoja na jua, kisha hakionekani kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi. Mwezi wa Juni hutokea tena, mashariki, kabla ya alfajiri.

Mnaijua methali isemayo, "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Maana yake ni kwamba hali haidumu: penye ukame kutakuja mvua, na penye mvua kutakuja jua. Nanyi mwaona kwamba waliotunga methali hii walikuwa watazamaji wa mbingu kweli kweli. Walijua kwamba Kilimia kina siku za kupotea na siku za kurudi.

Kwa nini walihitaji nyota, na hali walikuwa na mwezi? Kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ramadhani huweza kuwa wakati wa mvua, na baada ya miaka kadhaa ikawa wakati wa kiangazi. Huwezi kupanda mahindi kwa kalenda hiyo. Nyota hurudi na majira yake.

Lakini msiniambie kwamba mwalimu wa redio amesema Kilimia huleta mvua. Kilimia hutaja mwezi tu, kama kalenda iliyotundikwa ukutani. Mvua yaweza kuchelewa, yaweza kukosa. Kwa habari ya mvua, sikilizeni pia taarifa ya hali ya hewa.

Zisizo nyota

Kuna taa angani zinazoweza kukudanganya. Ya kwanza ni Zuhura. Huonekana magharibi baada ya jua kutua, au mashariki kabla ya jua kutoka, nayo hung'aa kuliko hata Shira. Zuhura ni sayari, dunia mwenzetu, nayo haina nuru yake yenyewe. Huangaza kwa nuru ya jua. Haiwi juu ya vichwa vyetu usiku wa manane hata siku moja. Mshtarii na Mirihi na Zohali nazo ni sayari. Sayari huhamahama kati ya nyota, leo hapa, mwakani pengine. Kwa hiyo hazifai kuwa alama ya njia kwa mwanafunzi. Utazijuaje? Kwa kawaida nyota humetameta, sayari hutulia.

Ya pili ni taa ndogo inayotembea polepole bila sauti, ikavuka mbingu kwa dakika chache. Hiyo ni setilaiti, chombo kilichorushwa na binadamu. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1957 na Warusi; sasa ziko maelfu. Ya tatu ni kimondo, kinachopita kama cheche na kuzimika. Hicho ni kipande kidogo cha jiwe, mara nyingi si kikubwa kuliko punje ya mchanga au mtama, kinachowaka kwa kasi katika hewa yetu. Hakuna nyota iliyoanguka. Zihesabu kesho, utazikuta zote.

Katika mashua

Sasa turudi Kilwa. Saa sita za usiku, katikati ya Februari. Mashine imekufa. Kijana ameuliza, "Mjomba, nyumbani ni upande gani?"

Usijibu haraka. Tazama juu. Ziko wapi nyota tatu? Ziko ngumi tatu juu ya maji, zinateremka. Zinakwenda kutua wapi? Magharibi. Pwani iko wapi? Magharibi. Basi mwonyeshe kijana kwa kidole: "Nyumbani ni pale zinapokwenda nyota tatu." Pandisheni tanga, mwelekee huko.

Saa nane nyota tatu zinatua. Je, mmepotea tena? Hapana. Geuza uso kushoto. Msalaba wa Kusini umepanda, na viongozi wake wawili wako pamoja naye. Saa tisa umesimama wima kabisa. Mtu anayeelekea magharibi huwa na kusini upande wake wa kushoto. Basi uweke Msalaba begani kwako upande wa kushoto, nao ukae hapo. Ukiuona unakuja mbele ya chombo, jua mnapinda kusini, rudini. Baadaye Msalaba utaanza kuegemea upande wa magharibi. Hapo tumia ule urefu wa mara nne na nusu, usiufuate Msalaba wenyewe.

Kisha mashariki, nyuma yenu, patakucha. Jua likitoka liko mgongoni, na mbele, Mungu akipenda, mtaona mstari wa minazi.

Nyota zinakuonyesha upande. Haziondoi mkondo wala hazifupishi safari. Kwa hiyo kabla hujatoka mwambie mtu nyumbani unakwenda wapi na utarudi lini, chukua maji ya kutosha na kurunzi, na simu uitie katika mfuko usiopenya maji. Elimu ya nyota ni akiba. Siku mawingu yametanda hutaiona hata moja. Lakini siku vyombo vyako vyote vimezimika, akiba hii bado unayo.

Na ninyi wa bara msidhani somo hili ni la watu wa pwani. Mfugaji aliyefuata ng'ombe aliyepotea mpaka giza likamkuta mbugani, anajua kijiji chake kiko upande gani wa mlima. Akijua na magharibi ni wapi, amefika.

Maneno ya leo

Yaandikeni katika madaftari, kisha myasome kwa sauti.

Upeo wa macho: pale mbingu na dunia huonekana kukutana.
Utosi: sehemu ya juu ya kichwa.
Sayari: dunia inayolizunguka jua, kama Zuhura na Mirihi.
Kimondo: jiwe dogo linalowaka angani na kuzimika.
Kamali: kibao chenye uzi wa mafundo cha kupimia nyota.
Majira: wakati maalumu wa mwaka, kama masika, vuli na kiangazi.

Maswali

1. Ngumi ngapi hutoka upeo wa macho mpaka utosini?
2. Nyota ikiwa ngumi sita juu ya upeo wa magharibi, itatua baada ya saa ngapi?
3. Kwa nini mkanda wa Jabari ukiwa juu ya utosi haufai kuonyesha njia?
4. Utautambuaje Msalaba wa kweli na ule wa Uongo?
5. Wewe unaelekea mashariki usiku. Msalaba uliosimama wima utakuwa begani kwako upande gani?

Kazi ya juma hili

Usiku usio na mawingu, toka nje na mtu mmoja asiyekuja darasani: mke au mume wako, mtoto, au jirani. Mwonyeshe mkanda wa Jabari na Suheli. Usimwambie majina kwanza. Mwambie atafute mwenyewe nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja. Kisha andika sentensi tatu: saa uliyotazama, upande ulikoziona, na zilikuwa ngumi ngapi juu ya upeo wa macho. Rudi baada ya saa mbili, upime tena, uandike tena. Mwalimu wenu atazisoma sentensi zenu mbele ya darasa.

Ikiwa unayasoma maneno haya mwezi wa Julai, jioni hutaiona mikanda ya Jabari. Mahali pake utaona Nge mkubwa amekunja mkia, na moyoni mwake nyota nyekundu iitwayo Antares. Nge na Jabari hawakutani: mmoja akichomoza, mwenzake anatua. Pima kwa ngumi huyo Nge, kisha umngoje Jabari. Mwishoni mwa mwaka atachomoza jioni, katika mlango wake uleule wa mashariki.

Juma lijalo tutasoma habari za mwezi na maji: kwa nini bamvua huja mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mchanga. Mpaka hapo, wasikilizaji wapenzi, nawatakia usiku mwema wenye mbingu safi. Kwaherini.